Nani Alikuwa Naye

Siku mliponikatia keki katika chumba cha wauguzi, Ijumaa ya mwisho ya Mei, mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu katika wodi ya watoto. Nilikubali kwa sababu nilidhani nikistaafu nitapata nafasi ya kuketi. Nafasi ninayo, kuketi ndiko kunakonishinda. Huamka kabla ya jua, huvaa, hukumbuka, kisha huvua. Nikisikia maji yakidondoka katika ndoo huhesabu matone kama ya dripu, mpaka nijue mfuko ungeisha saa ngapi. Kanisani, mtoto akiletwa kunisalimu, huugeuza mkono wake na kukitazama kiganja kabla sijamwuliza jina. Wazazi hudhani ninambariki. Mimi natafuta upungufu wa damu.

Kwa hiyo msitarajie maandishi yaliyotulia. Nimeinuka mezani mara kadhaa kabla ya kumaliza aya hiyo ya kwanza, mara moja kwenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Sikuanza kazi nikiwa msichana. Nilirudi shuleni nikiwa na miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, nikakaa dawati moja na wanafunzi walioniita Mama hata walipokuwa wakiniibia kalamu. Mume wangu, Ouma, alikuwa fundi wa injini za mashua. Jioni alinawa mikono isiyotakata na kunitahini mifupa. Mkanda wa injini ulikuwa umemkata ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na alinitaka nimtajie ni mfupa upi uliochukuliwa na ni upi uliobaki. Nilipoupata, alisema, “Haya, Daktari, sasa urudishe.” Nilimaliza chuo cha uuguzi katika umri ambao wenzangu wengine walikuwa wakifikiria mtoto wa mwisho. Majirani walinionea huruma. Sikuihitaji huruma yao, na niliwaambia.

Niliripoti wodi ya watoto Jumatatu ya kwanza ya Februari. Aliyenipokea alikuwa Sista Wanjiru, mwanamke mfupi kutoka Murang’a aliyekuja Kisumu kumfuata kaka yake mfanyabiashara, akabaki baada ya kaka kurudi kwao. Alizungumza Dholuo kwa lafudhi iliyowachekesha kina mama wa vitandani, na aliwaacha wacheke, maana mama anayecheka hamshiki mtoto kwa nguvu. Hakunionyesha kabati la dawa. Alinionyesha mlango na kuniambia nisimame hapo, nitazame viganja vya watoto wanaoingia, kisha nimwambie nani atangulie. Kazi nzima ya wodi yetu wakati wa mvua ndefu ni hiyo: malaria inakula damu, mtoto anafika akiwa na viganja vyeupe kama karatasi, na muuguzi anatakiwa aone kabla mashine haijasema.

Alinifunza mengi kwa mikono na machache kwa mdomo. Alinifunza kuutafuta mshipa kwa kidole kilichofungwa macho, kama alivyosema, maana mtoto aliyeishiwa maji mshipa wake hauonekani, unasikika. Alinifunza kuipasha moto branula, ile sindano ya plastiki inayobaki mshipani, ndani ya kiganja changu kabla ya kumgusa mtoto. Na mtoto alipofariki, alinifunza kwenda kusugua vibeseni. Sista Wanjiru aliamini hakuna jambo lisiloweza kusuguliwa. Wodi yetu ilikuwa na vibeseni vinavyong’aa kuliko vyote hospitalini, na aliyejua sababu hakuvisifu.

Kanuni yake moja aliitamka waziwazi: “Usiende matangani kwa mgonjwa. Ukienda kwa mmoja, utaenda kwa wote, na nani atabaki na walio hai?” Niliitii miaka yote aliyokuwa nami. Yeye mwenyewe aliitii hadi akastaafu na kurudi kwao. Tulipompigia simu Krismasi ile, alitusalimu vizuri, akauliza hali ya kila mmoja kwa jina, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama dripu ya kitanda cha dirishani imeisha. Nilimwambia imeisha, nimeitoa. Akashukuru. Sikuwaeleza wenzangu maneno hayo, nikaenda kusugua vibeseni vilivyokuwa safi.

Sasa nifike kwa Atieno. Ameniruhusu niandike, kwa sharti kwamba nisimfanye mtakatifu. Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na minne, mwepesi wa mkono kuliko muuguzi yeyote niliyemfunza, na mwepesi zaidi wa mdomo. Aliniita Mama mbele ya wagonjwa na Kamanda nikigeuka.

Alhamisi ya pili ya Novemba, miaka miwili kabla sijastaafu, tulimpokea mtoto wa kike wa miaka minne kutoka upande wa Awasi. Nitamwita Akoth. Viganja vyake sikuhitaji kuvigeuza. Daktari aliagiza damu na sindano ya malaria. Damu ilikuwa bado inatafutwa, na mama yake aliombwa ateremke getini kumpokea mjomba aliyekuja kujitolea. Atieno alimdunga mtoto sindano aliyoagizwa, dawa sahihi, kipimo sahihi. Nilikuwa nimeihakiki pamoja naye, kisha nikaitwa kitanda kingine. Mtoto alifariki kabla mama hajapanda ngazi. Mama aliingia na kumkuta mwanawe ametulia, na Atieno amesimama kando, kibeseni mkononi, bomba tupu la sindano ndani yake.

“Umemdunga nini mtoto wangu?”

Alisema hivyo tu, lakini alisema mara nyingi, na wodi nzima ikasikia. Atieno hakujibu. Tumefunzwa kutojibu. Nilimpeleka mama kwenye chumba cha pembeni, daktari akaja kumweleza, na Atieno akaenda kusugua vibeseni, kama nilivyomfunza, kama nilivyofunzwa.

Kesho yake mkono wake ulianza kutetemeka. Ulitetemeka pale tu ulipotakiwa kuingiza sindano. Akishika kalamu au kikombe, ulikuwa mkono wa kawaida. Alijificha kwa ustadi. Alibadilishana kazi na wenzake: yeye atandike vitanda vyao, apime homa zao, anyweshe dawa zote za maji, wao wamdungie wagonjwa wake. Siku chache tu zilipita kabla wauguzi vijana hawajampa jina la Sista Sirapu. Alicheka nao. Lakini mimi nilimwona akipasha branula kiganjani, anaipasha, anaipasha, mpaka mtu mwingine alipokuja kuichukua.

Wodi ya watoto isiyo na sindano ni chumba cha kulelea tu. Matroni wetu, ambaye hakuwa mkatili bali alikuwa na wauguzi wachache kuliko vitanda vilivyohitaji, alimwita na kumwambia kwamba kufikia Jumatatu ya wiki iliyofuata ama awe anadunga, ama aondoke wodini. Atieno alitoka ofisini akaja kunikuta stoo.

“Kamanda, dada yangu ana kibanda cha viatu soko la Kibuye,” alisema. “Viatu havina mishipa.”

“Unataka kuuza viatu?”

“Nataka kulala. Nikifumba macho nasikia yule mama. Na sina cha kumjibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza nini kilitokea. Wameuliza dawa gani, kipimo gani, saa ngapi. Hakuna aliyeuliza kuhusu Akoth.”

Alitoka kabla sijamjibu. Nilibaki stoo nikipanga pamba ambayo ilikuwa imepangwa.

Wale miongoni mwenu waliozaliwa mbali na ziwa huenda hawajui tunavyozika. Kabla mwili haujashushwa, husimama mtu wa ukoo akaeleza ugonjwa ulianza lini, ukaendaje, walikwenda wapi, na mgonjwa aliaga vipi. Ni maelezo marefu, wageni huchoka nayo, na Sista Wanjiru alikuwa akiyalalamikia. Lakini watu huyasubiri. Pasipo maelezo hayo, kifo hubaki bila mwisho, na kila mtu huenda nyumbani na mwisho aliojitungia mwenyewe. Nilifikiri hivi: huko Awasi maziko ni Jumamosi, mtu atasimama, atayafikisha maelezo hadi mlangoni mwa wodi yetu, na hapo atanyamaza, kwa kuwa aliyekuwa na mtoto alikuwa mmoja tu, naye anazungumzia viatu.

Nilimwambia Matroni kwamba tutakwenda. Alisema tutapigwa, na kwamba yeye hakusikia nikiomba ruhusa. Nilimshukuru kwa kutosikia.

Jumamosi ile tulishuka Awasi tukiwa na nguo za kawaida na leso kichwani. Sikumpeleka moja kwa moja kwenye hema. Nilimpeleka kwanza nyumbani kwa bibi wa marehemu, dana, kama inavyopaswa, nikajitambulisha kwa jina, ukoo na kazi. Niliposema hospitali, wanawake waliokuwa wakimenya viazi walisimamisha visu. Bibi alikuwa mwembamba, ameketi sakafuni na miguu ameinyosha. Alitutazama kwa zamu.

“Nani kati yenu alikuwa naye?”

“Ni mimi, dana,” alisema Atieno.

“Basi usiende kuketi nyuma.”

Tuliketi mahali tulipoonyeshwa, safu ya pili, na nilihesabu njia za kutokea, tabia ambayo kazi yetu hukuachia.

Mjomba, yule aliyekuja kujitolea damu, ndiye aliyesimama kueleza. Alieleza homa, kituo cha afya cha karibu, usafiri hadi Kisumu, mkono aliounyoosha ili atolewe damu. Kisha akafika pale nilipojua atafika. “Tuliporudi juu, mtoto alikuwa amenyamaza. Hapo katikati hatujui.” Ndipo mama yake Akoth aliposema kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua kichwa:

“Tulipewa mwili una pati pati, zile ndala zake, miguuni. Mtoto wangu alikuwa kitandani, hawezi hata kukaa. Kwa nini alikuwa na pati pati? Alikuwa anamkimbia nani?”

Sikuwa nimejua. Kumbe katika siku zote zile, mama hakuwa akiiwaza sindano peke yake. Alikuwa akimwona mwanawe akijaribu kutoroka.

Atieno alisimama. Alizungumza kwa Dholuo, na mwanzoni sauti haikufika safu ya tatu. Mzee mmoja akamwambia aongeze. Alisema yeye ndiye muuguzi. Alisema alimdunga dawa ya malaria iliyoagizwa na daktari, naye Akoth alilia kidogo, akaacha. Watu walianza kunong’ona, bibi akainua mkono, wakanyamaza.

“Kisha aliniuliza pati pati zake ziko wapi. Nikamwambia ziko chini ya kitanda. Akasema nimvalishe, anataka kwenda kwa dana. Kwetu wodini ni marufuku viatu kitandani. Nikamwambia damu ikija tutazivaa. Akasema sasa. Basi nikamvalisha. Alifurahi. Alizitazama. Nikamwekea mkono kifuani, na pumzi ikawa inapungua, nikamwita daktari, na daktari alipofika alikuwa amekwenda. Hakukimbia mtu. Alikuwa anatazama miguu yake.”

Mama aliinua kichwa na kumtazama Atieno kwa mara ya kwanza.

“Ulimvalisha vipi?”

“Alinipangia mwenyewe. Ya kulia mguu wa kushoto. Nilitaka kuzibadilisha, akakataa.”

Mama alifunika uso. “Ndivyo alivyovaa kila siku,” aliwaambia watu wote. “Kila siku ya Mungu nilikuwa namgombeza.” Kisha akalia, na wanawake wakalia naye, kilio cha kawaida, kile cha mtoto aliyeumwa akafa. Hakuja kumkumbatia Atieno, wala hatukutegemea kukumbatiwa. Lakini baada ya maziko bibi alituletea chai yeye mwenyewe, akasimama mpaka tukamaliza.

Jumatatu Atieno alichukua branula mbele ya Matroni. Aliukosa mshipa. Mkono ulitetemeka, tena sana. Akapumua, akaipasha nyingine, akaupata. Siku zilizofuata aliomba mtu asimame karibu naye, na kwa muda mrefu nilisimama mimi. Jina la Sista Sirapu halikumtoka. Analiitikia hadi leo, na mnajua kwamba leo mishipa iliyowashinda wote mnampelekea yeye. Viatu vya Kibuye anavinunua kama mteja.

Tangu hapo tuliweka utaratibu ambao baadhi yenu mliukuta na kudhani umeandikwa mahali. Haujaandikwa. Mtoto akifariki, aliyekuwa naye huwaachia wengine vitanda vyake, huketi na wazazi kabla hawajaondoka, chai ikiwepo huletwa, naye huwaeleza yote kwa utaratibu, pamoja na yale yasiyohusu dawa. Matroni alisema hatuna watu wa kutosha kwa jambo hilo. Alisema kweli. Kuna siku za mvua ambapo utaratibu huo haukufuatwa, na muuguzi akaenda kwenye vibeseni. Nawaomba mzipunguze siku hizo. Msidhani ni hisani kwa wazazi tu. Anayebaki na dakika za mwisho za mtu mwingine, bila wa kumkabidhi, huzibeba nyumbani, huzilaza kitandani pake, na baadaye huuliza habari za dripu kwenye simu ya Krismasi.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa heshima kwangu. Lakini tuliporudi kutoka Awasi siku ile, Atieno aliniuliza swali.

“Na Mzee, Mama? Aliaga vipi?”

“Sijui,” nilisema. “Nilikuwa zamu.”

Ouma alifariki wakati wa korona, Jumanne, katika wodi ya waliotengwa, katika hospitali nyingine ya mji huu huu, huku mimi nikiwa nimeinama juu ya watoto wa watu. Nilipigiwa simu na sauti nisiyoijua ya mapokezi. Alizikwa siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, na waliomshusha walivaa mavazi meupe ambayo mimi mwenyewe nilijua kuyavaa. Hakusimama mtu kueleza. Hapakuwa na wa kusimama. Mchana wa siku ya tatu nilirudi kazini, na watu wakasema mjane huyu ana moyo. Nilipenda waseme hivyo.

Baada ya kustaafu, nilipoona siwezi kuketi, niliuliza. Wauguzi hujuana. Niliambiwa zamu ile ya Jumanne alikuwapo muuguzi aitwaye Risper, ambaye mwaka uliofuata aliacha kazi kabisa na sasa hununua omena, dagaa wa ziwani, katika ufuko wa Usenge. Jumatano ya pili ya Juni nilikwenda.

Nilimkuta ufukweni akianika, ameinama juu ya nyavu zilizotandazwa, dagaa wanameta hadi macho yanauma. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilimwambia jina langu, jina la mume wangu na siku. Aliacha kazi aliyokuwa akifanya. Nilimweleza: mrefu, sauti nzito, kidole cha shahada cha kushoto hakina ncha. Alifikiri kwa dhati, sikuona akijisingizia. Kisha akatikisa kichwa.

“Samahani, Mama. Simkumbuki. Wiki ile walikuwa wengi, na tuliwaona kupitia plastiki.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote isipokuwa hilo. Nilitaka kukasirika, na nikaona siwezi, kwa kuwa nami ninao niliowasahau, na kila mmoja ana mama. Nikageuka niondoke.

“Ninayemkumbuka ni mmoja tu,” alisema nyuma yangu. “Sikumjua jina la nyumbani. Alikuwa mwalimu.”

Nilisimama. Alisema mwalimu huyo alimwomba aondoe kinga ya uso ili aone uso wa mtu. Ilikuwa marufuku, akakataa. Mwalimu akasema, basi cheka nisikie. Risper akajaribu kucheka na kicheko hakikutoka. Akajaribu tena. Alikuwa bado anajaribu mwalimu alipoaga. Familia haikuruhusiwa kuingia, na baadaye haikuja. Tangu siku hiyo, alisema, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, na akicheka na wanawake wenzake hapa ufukweni husimama katikati na kutazama pembeni.

Alieleza kwa muda mrefu, akiwageuza omena kwa viganja huku akiongea, wale wale, mara kwa mara, hata waliokauka. Alipomaliza, nilimwambia neno ambalo mfiwa humwambia aliyekuwapo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulisema.

“Asante kwa kuwa naye.”

Alijifuta uso kwa mkono wa nguo, maana viganja vilikuwa na magamba. Kisha akavuta ndoo, akaipindua, akaipangusa na kuisogeza karibu nami.

“Sasa nieleze wako,” alisema. “Alikuwa mtu wa namna gani?”

Nikaketi.